Kuitwa Tena: Ushauri kwa Anayetaka Kazi ya Mieleka Japani

Mwanamieleka mgeni hajengi jina Japani kwa kushinda pambano lake la kwanza. Mshindi huamuliwa na kampuni kabla kengele haijalia. Walio ndani ya kazi hiyo wanalijua hilo, na mashabiki wa Kijapani nao wanalijua wala hawajihisi wamepunjwa. (Kwa wale ambao bado wanabishana barazani kama mieleka ya kwenye televisheni ni ya kweli au ya kuigiza: ni maonyesho yaliyopangwa, na mifupa inayovunjika humo ni mifupa halisi.) Anachokipigania mgeni hasa ni kuitwa tena. Ziara ikimalizika, waandaaji hukaa wakaamua ni nani kati ya wageni atumiwe tiketi ya ziara inayofuata, na uamuzi huo ndio unaomtenga mtu aliyefika Japani mara moja, akarudi kwao na picha za kuwaonyesha jamaa, na mtu aliyelea familia kwa kazi hiyo kwa miaka 20 na zaidi.

Nilikwenda Osaka kusoma, na kwa kuwa mwanafunzi wa kigeni huruhusiwa kufanya kazi saa 28 tu kwa wiki wakati wa masomo, nilitafuta kibarua cha jioni na cha mwisho wa juma, nikaangukia kwenye kampuni ndogo ya mieleka ambayo sitaitaja. Nilianza kwa kubeba mbao na vyuma vya ulingo, nikahamishiwa kwenye meza ya kuuzia fulana na picha, na Kijapani changu kilipokomaa nikawa mkalimani wa wageni: kuwapokea uwanja wa ndege, kuwafikisha hotelini, kukaa nao kwenye basi, na kuwafafanulia yale ambayo wakubwa hawakutaka kuyasema waziwazi. Sikuwahi kupambana mbele ya watazamaji. Nilifundishwa tu namna ya kuanguka, na mgongo wangu haujasahau. Siku hizi vijana wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, waliokulia katika judo, ndondi au kunyanyua vyuma, huniuliza kama nao wanaweza kuishi kwa kazi hiyo. Naamini wanaweza, ila nguvu za mwili ambazo kila mmoja huanza kunitajia ndizo jambo ambalo Japani haina upungufu nalo.

Kwanza elewa ni kwa nini kampuni ya Kijapani ilipie tiketi ya ndege ya mtu wa mbali ilhali ina vijana wake. Mieleka ya kulipwa ilishika mizizi Japani kupitia Rikidozan, mwanasumo wa zamani ambaye mwaka 1954 aliwaleta ndugu wawili kutoka Kanada, Ben na Mike Sharpe, watu wa miraba minne, akapambana nao mbele ya taifa lililokuwa limeshindwa vita miaka 9 kabla. Televisheni zilikuwa chache, zikawekwa hadharani mitaani, na umati ukajazana kumtazama Mjapani akiwaangusha wazungu wakubwa. Rikidozan mwenyewe alizaliwa Korea, jambo ambalo mashabiki wake wengi hawakuambiwa, na hilo linatosha kukuonyesha kwamba hadithi ilikuwa na uzito kuliko vyeti vya kuzaliwa. Mei 1963 alipopambana na Mmarekani aliyevaa kinyago, Dick Beyer, maarufu kwa jina la The Destroyer, kipimo cha watazamaji wa televisheni kilifika asilimia 64. Mgeni aliajiriwa ili awe ukuta ambao shujaa wa nyumbani angeupanda. Mwaka 1972 wanafunzi wawili wa Rikidozan walifungua kila mmoja kampuni yake, Antonio Inoki akiwa na New Japan na Giant Baba akiwa na All Japan, na kwa kuwa wote wawili walihitaji kuta za namna hiyo, mgeni mzuri akawa mali ya kugombewa.

Mambo yamebadilika sana tangu hapo, lakini nafasi utakayopewa bado itatokana na swali hilohilo: hadithi yetu ina pengo gani ambalo wewe unaweza kuliziba? Kwa mtu wa kutoka Afrika jibu la haraka la baadhi ya waandaaji linaweza kukuudhi. Abdullah the Butcher, mmoja wa wageni waliopendwa kuliko wote Japani, alitangazwa kuwa mtu wa Sudan. Alivaa viatu vilivyopinda ncha, hakusema neno, na Desemba 1977 alimchoma Terry Funk mkononi kwa uma katika fainali ya mashindano ya watu wawiliwawili ya All Japan. Kwao ni Windsor, Ontario, nchini Kanada. Huko Marekani nako, Kamala aliyetangazwa kuwa jitu la Uganda alikuwa mtu wa Mississippi. Yaani kazi ya kuwa Mwafrika wa kutisha ilishafanywa na watu wasiokuwa Waafrika wa nchi walizotajiwa, na wewe unayetoka huku kweli utakuta kiatu kimeshashonwa kinakungoja.

Sikushauri ukigombee wala ukivae. Niliwahi kutafsiri katika kikao ambamo kijana mweusi kutoka Ulaya aliombwa aingie ulingoni na mkuki wa plastiki. Hakukubali na hakupandisha sauti. Aliomba apewe hadi kesho yake, akarudi na wazo jingine la mkimbiaji wa riadha mwenye majivuno juu ya kasi yake, pamoja na vazi alilokwisha kulichora kwenye karatasi. Wakalichukua bila mjadala mrefu, kwa sababu kilichowasumbua hakikuwa rangi yake, bali ni kwamba bango la ziara lilitakiwa kwenda kiwandani wiki hiyo na hapakuwa na mtu aliyewaletea wazo lililokamilika. Nenda Japani ukiwa na mhusika wako tayari: jina ambalo Mjapani anaweza kulitamka, rangi, muziki, na pigo moja la kumalizia ambalo mtu wa safu ya mwisho ataliona likianza. Uhaa Nation, Mmarekani mwenye wazazi wa Nigeria, alipitia Dragon Gate, kampuni yenye makao yake Kobe, akisifiwa kwa nguvu na wepesi wake wa kuruka, kisha akasaini na WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, ambako alijulikana kama Apollo Crews. Mkuki haukuhitajika.

Mtu ambaye ningependa maisha yake yasomwe kwa makini zaidi ni Stan Hansen wa Texas. Aprili 1976, ndani ya Madison Square Garden, alimnyanyua bingwa Bruno Sammartino akamwangusha vibaya, na shingo ya Sammartino ikavunjika. Ilikuwa ajali, lakini ikatangazwa kuwa ilisababishwa na lile pigo lake la mkono wa kushoto, lariati, na mwaka uliofuata New Japan ikamleta akiwa na sifa hiyo begani. Februari 1980 alimpokonya Inoki mkanda wa NWF, uliokuwa mkanda mkuu wa New Japan wakati huo. Desemba 1981 alitokea ghafla kando ya ulingo wa All Japan, akiwasindikiza Bruiser Brody na Jimmy Snuka katika fainali ya mashindano ya timu, na Tokyo ikajua kwamba amehamia kwa Baba. Hakuhama tena hadi alipostaafu mwaka 2000, akiwa na umri wa miaka 51, baada ya kutwaa mara 4 mikanda mitatu iliyounganishwa ya kampuni hiyo. Mwezi Januari 2001 aliagwa rasmi ndani ya Tokyo Dome, uwanja mkubwa wenye paa.

Kwa ufundi, Hansen hakuwa bora kuliko wengi wa wakati wake. Macho yake yalikuwa mabovu kiasi kwamba bila miwani aliwapiga wenzake kwa kukisia, na Februari 1990 jicho la Vader, Mmarekani mwenzake, lilitoka mahali pake katika pambano lao ndani ya Tokyo Dome, pambano ambalo liliendelea baada ya Vader kulirudisha kwa kidole. Ubora wake ulikuwa katika jambo ambalo vijana wengi hawataki kulisikia: aliamua mapema kwamba Japani ndiyo kazi yake na Marekani ni mahali pa kupumzikia. Wageni wengine walikuja kuchukua fedha za wiki chache, wakacheza nusu ya uwezo wao ili wahifadhi mwili kwa ajili ya wiki zinazowasubiri kwao. Yeye alifanya kinyume. Mwaka 1986 alikuwa bingwa wa AWA, kampuni kubwa ya Marekani ya kati, na alipotakiwa amwachie Nick Bockwinkel mkanda mjini Denver alikataa, akauchukua akaondoka nao. Sikushauri umwige katika hilo, lakini utaona moyo wake ulikuwa upande gani.

Mlinganishe na rafiki yake Brody, ambaye kwa maoni yangu alikuwa na mvuto zaidi na aliongoza pambano vizuri zaidi. Brody alihamia New Japan mwaka 1985, akagombana na wakubwa juu ya namna alivyokuwa akitumiwa, na Desemba mwaka huohuo yeye na Snuka wakasusia fainali ya mashindano ya timu iliyokuwa ifanyike Sendai, huku tiketi zikiwa zimekwisha kuuzwa. Inawezekana alikuwa na haki katika kila alichokilalamikia. All Japan ilimpokea tena mwaka 1987, na Julai 1988 aliuawa kwa kuchomwa kisu Puerto Rico, hivyo hatuwezi kujua angefika wapi. Lakini katika vyumba vya kubadilishia nguo bado nilisikia wazee wakilitaja tukio la Sendai, miongo kadhaa baadaye. Mwandaaji wa Kijapani anaweza kuvumilia mgeni mlevi, mgeni mvivu, hata mgeni asiyejua kupambana vizuri. Asiyefika ukumbini hasahauliki.

Njia za kuingia ziko mbili, na tofauti yake ni kubwa. Ya kwanza ni kuja ukiwa umekwisha kuwa na jina kwingine, ukaalikwa kwa ziara moja. Ya pili ni kuingia dojo, yaani shule ya mazoezi ya kampuni, kama mwanafunzi na kuanzia chini kabisa. Dojo ya New Japan iko Noge, wilaya ya Setagaya, na maisha yake hayana siri: kuchuchumaa na kusimama mamia ya mara kabla ya jambo jingine lolote, kuanguka hadi kuanguka kuwe tabia, kufagia, kufua nguo za wakubwa, kupika chanko, ule mchuzi mzito wa nyama, samaki na mboga uliotoka kwa wanasumo. Mwanafunzi hupanda ulingoni na chupi nyeusi na viatu vyeusi bila pambo lolote, na hushindwa usiku baada ya usiku. Fergal Devitt wa Ireland aliipitia njia hiyo kuanzia 2006, na mwaka 2013 akaanzisha kundi la Bullet Club ambalo fulana zake zilivaliwa dunia nzima. Jay White wa New Zealand aliipitia pia, na Februari 2019 akamshinda Hiroshi Tanahashi akatwaa mkanda wa IWGP, ule mkuu wa New Japan. Bad Luck Fale wa Tonga alikuja Japani kwa ajili ya raga, akabaki kwa ajili ya mieleka, na leo ana dojo yake Auckland. New Japan ilifungua dojo nyingine Los Angeles mwaka 2018 chini ya Katsuyori Shibata. Kwa kijana wa kwetu asiye na jina popote, njia ya dojo ndiyo ningeielekeza, hata kama itampasa aanzie kwenye dojo iliyo nje ya Japani.

Kenny Omega wa Winnipeg ni kesi ya pekee, na kila kijana huniambia atafanya kama yeye. Alimwona Kota Ibushi, mwanamieleka wa Kijapani, kwenye video, akatuma ujumbe wa kumtaka wapambane, na mwaka 2008 kampuni ya DDT ikamleta. Wanachokisahau ni kwamba alihamia Japani, akajifunza Kijapani hadi akaweza kuwahutubia mashabiki kwa lugha yao, na akafanya vichekesho katika kumbi ndogo kwa miaka kabla New Japan haijampa nafasi kubwa. Mwaka 2016 ndipo alipokuwa mgeni wa kwanza kushinda G1 Climax, mashindano ya majira ya joto yaliyoanza 1991. Tarehe 4 Januari 2017 alipambana na Kazuchika Okada ndani ya Tokyo Dome kwa zaidi ya dakika 46, na tarehe 9 Juni 2018 akamshinda Okada huyohuyo Osaka na kuwa bingwa. Kati ya ile video na mkanda huo ilipita miaka 10.

Wanawake nao wana soko lao, kwani Japani ina kampuni za wanawake watupu tangu zamani. Madusa wa Marekani alisaini na All Japan Women mwaka 1989, na Toni Storm, aliyekulia Australia, akatwaa mkanda mkuu wa Stardom, kampuni nyingine ya wanawake, mwaka 2017. Ziara za huko huwa za wiki kadhaa au miezi, na wageni hukaa pamoja katika nyumba ya kampuni, kwa hiyo uwezo wa kuishi na watu usiowachagua ni sehemu ya kazi.

Sasa niseme kuhusu tabia, kwa kuwa hapo ndipo nilipoona wageni wengi wakipoteza mwito wa pili bila kujua. Unapoingia chumba cha kubadilishia nguo, msalimie kila mtu mmojammoja, kuanzia mkongwe hadi mtoto anayebeba ndoo, ukisema "yoroshiku onegaishimasu", yaani naomba tushirikiane vizuri. Baada ya onyesho mrudie kila mtu na "otsukaresama desu", yaani pole kwa kazi. Ukipeana mkono, ushike kwa ulaini, kwani kumbana mwenzako vidole ni ushamba. Basi likipangwa kuondoka saa 3 asubuhi, saa 3 kasorobo uwe umeketi. Kwa mtu wa Pwani aliyezoea kusalimia mtaa mzima kabla ya kufika dukani, haya ya salamu hayana ugumu wowote. Ya basi yana ugumu kidogo.

Nilikuwa na wageni wawili katika ziara moja. Mmoja alikuwa hodari ajabu, mwenye mwili wa kuchongwa, na kila aliporudi kutoka ulingoni aliniuliza jinsi ya kusema kwa Kijapani kwamba mpinzani wake alikuwa mzito wa kuelewa. Mwingine alikuwa Mwingereza wa kawaida kabisa, mwenye kitambi, ambaye baada ya kila onyesho alivaa glovu za kazi akatusaidia kufungua kamba na kubeba mbao hadi kwenye lori, ingawa hakutakiwa. Huyo wa pili aliitwa kila msimu hadi nilipoondoka. Usidhani ilikuwa huruma. Vijana waliokuwa wakibeba mbao naye ndio waliokuwa wapinzani wake ulingoni, na walimpokea vizuri alipowarusha, wakaanguka kwa moyo wote, hata mapigo yake yakaonekana makali kuliko yalivyokuwa. Pambano ni kazi ya watu wawili wanaotunzana miili, na asiyetunzwa na mwenzake huonekana dhaifu hata akiwa na nguvu za faru.

Watazamaji wa Japani watakutisha mwanzoni. Katika ukumbi wa Korakuen, Tokyo, wenye nafasi isiyofika watu 2000, wanaweza kukaa kimya dakika nzima wakati mnashikana mikono na shingo, na mgeni aliyezoea kelele huanza kuharakisha, akaruka huku na huku, akaharibu kila kitu. Ukimya huo ni wa kusikiliza. Wanahesabu ni goti gani umelipiga, na dakika 15 baadaye watataka kuona goti hilo likimsaliti mwenyewe. Usiwaonyeshe ufundi wako wote usiku wa kwanza, na ukimpiga mtu kofi la kifua, lipige lisikike, kwa maana hapo wanajua tofauti kati ya sauti ya mguu unaokanyaga sakafu na sauti ya ngozi.

Hapo ndipo hatari ya mwili inapoingia, na juu ya hili sina mzaha. Mtindo wa Japani ni mkali. Tom Billington, Mwingereza aliyejulikana kama Dynamite Kid, alianza mapambano yake na Tiger Mask, Mjapani aliyevaa kinyago, mwezi Aprili 1981, na mapambano hayo yaligeuza mwendo wa mieleka ya watu wepesi duniani kote. Alirusha mwili wake kana kwamba hautamdai kitu, akatumia dawa za kuongeza misuli, na kuanzia 1997 akaishi kwenye kiti cha magurudumu hadi alipofariki Desemba 2018, siku aliyotimiza miaka 60. Mitsuharu Misawa, mmoja wa mahodari kuliko wote waliowahi kutokea, alifia ulingoni Hiroshima tarehe 13 Juni 2009 baada ya kurushwa kwa mgongo, kurushwa ambako alikuwa amekupokea mara zisizohesabika. Shibata alivuja damu ndani ya fuvu mwaka 2017 baada ya kumgonga Okada kwa paji la uso, na Yoshihiro Takayama alipooza mwaka huohuo kwa kuanguka vibaya katika mtupo mwepesi.

Kwa hiyo jifunze kuanguka kabla ya kujifunza kurusha, na ukae kwenye hatua hiyo muda mrefu kuliko unavyodhani unahitaji. Mtu wa judo kutoka klabu za kwetu ana faida hapa, ingawa jukwaa la mbao na chuma si mkeka. Amua mapema ni mitupo gani ya shingo na kichwa hutaikubali, umwambie mpinzani wako mchana mnapopanga pambano, kwa utulivu, mbele ya mwamuzi. Sijaona mtu aliyefukuzwa kwa kukataa mtupo mmoja akiwa na mwingine wa kupendekeza. Nimeona aliyekubali kila kitu akirudishwa kwao na shingo iliyofungwa, na nafasi yake ikajazwa kabla bango halijakauka.

Kuhusu karatasi, sheria ni rahisi, lakini vijana hudanganywa. Kupambana kwa malipo kunahitaji viza ya kazi za burudani, na kampuni ndiyo inayoanza kwa kuomba hati ya ustahiki katika idara ya uhamiaji ya Japani; wewe huipokea hati hiyo na kuipeleka ubalozini kwenu. Mwandaaji akikuambia uje kwa viza ya utalii mambo mengine mtayarekebisha hukohuko, usiende. Ukikamatwa na kurudishwa kwa nguvu, mlango wa Japani hufungwa kwa miaka 5 au zaidi, na hapo hata ungekuwa Hansen hutaitwa tena. Uliza pia kuhusu bima. Anayeishi Japani kwa zaidi ya miezi 3 huingia katika bima ya afya ya taifa na kulipa asilimia 30 ya gharama za matibabu, ilhali wa ziara fupi hana hiyo, na goti lililopasuka Kobe litalipiwa na mtu. Jina la mtu huyo liandikwe kwenye mkataba.

Malipo hukubaliwa kwa wiki, kwa ziara au kwa pambano, na kwa asiye mkazi kampuni hukata kodi ya asilimia 20.42 kabla hajaziona fedha. Tiketi ya ndege na hoteli kwa kawaida ziwe juu ya kampuni, na kama haziko, hesabu upya kama safari ina faida. Katika kampuni ndogo, meza ya bidhaa inaweza kukuingizia zaidi ya ulingo: mashabiki hununua fulana, picha zilizotiwa saini, na picha za papohapo wanazopiga pamoja nawe. Nenda mezani mapema, jifunze kuandika jina la shabiki kwa katakana, aina mojawapo ya herufi za Kijapani, na usiondoke kabla foleni haijaisha. Nilikuwa nyuma ya meza hizo muda wa kutosha kujua kwamba wakubwa hutazama foleni ya nani ni ndefu, na hulinganisha na gharama ya tiketi yake.

Siku moja utapata ofa nyingine, labda ya Marekani, na namna ya kuondoka nayo ina kanuni zake. Maliza tarehe zote ulizotangazwa, na ukubali kushindwa na yule atakayebaki. AJ Styles, aliyekuwa akielekea WWE, alishindwa na Shinsuke Nakamura tarehe 4 Januari 2016, na kesho yake akafukuzwa kwenye Bullet Club mbele ya watu ili Omega achukue nafasi yake. Omega naye alimwachia Tanahashi mkanda tarehe 4 Januari 2019 kabla ya kwenda kusaidia kuanzisha AEW, kampuni mpya ya Marekani, na tarehe 4 Januari 2023 alirudi katika ukumbi uleule wa Tokyo Dome, akamshinda Will Ospreay. Mwambie bosi mwenyewe kabla gazeti la Tokyo Sports halijamwambia, tena umwambie ana kwa ana hata kama Kijapani chako ni cha kuokoteza. Kisha rudisha ufunguo wa chumba, funga akaunti ya simu, na uombe hati ya kodi iliyokatwa kabla hujafika uwanja wa ndege, kwa kuwa kuifuatilia kutoka Dar es Salaam kwa barua pepe ni kazi ya miezi.